Mlango Usiofunguka wa Gemu ya Mjomba

Harufu ya betri ya gari inayochajiwa hunirudisha kijijini kwetu Nyakisasa mpaka leo. Ninazo kadhaa nyuma ya gesti yangu hapa Nyakanazi, gesti niliyoijenga bila kumaliza darasa la saba, wala sikumpigia mtu magoti. Wenye digrii hulala kwangu na shikamoo wananipa. Lakini betri zikianza kuchemka, ile harufu kali ya kukwaruza koo, nakuwa mtoto tena, miguu tope tupu, dumu kichwani.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Vilima vilifunikwa maturubai ya buluu, na malori ya misaada hayakuipa barabara nafasi ya kupumua. Katika neema hiyo mjomba wangu Deogratias, mdogo wake mama, alipata tivii ndogo ya kutumia betri ya gari na gemu moja: mtu mwekundu ndani ya njia zilizopindana kama mashimo ya fuko, akitafuta mlango wa kutokea. Mjomba akatundika mpira wa ngozi ukutani.

"Atakayetoka, wake."

Sisi tulikuwa tunacheza mpira wa majani makavu ya mgomba. Basi elewa mwenyewe.

Zamu moja ilikuwa dumu moja la maji kutoka bondeni. Tuliyamimina kwenye pipa nyuma ya nyumba, wala hatukuuliza ni ya nini. Mama alikuwa akisema mjomba ni mama mwenye ndevu. Nani humhoji mama?

Sijisifu bure, bingwa nilikuwa mimi. Njia zote nilizipanga uani kwa punje za mahindi. Kuku wakaila ramani yangu mara mbili, nikaipanga upya. Nikaufikia mlango. Haukufunguka. Mtu mwekundu alisimama pale akitikisa kichwa, muda ukaisha, akarudishwa mwanzo.

"Umekosea njia, mpwa wangu," alisema mjomba. "Kalete dumu."

Rafiki yangu Nestori, aliyeishi kambini na bibi yake, siku hiyo alikuwa amesimama mlangoni na ndoo yake. Akacheka.

"Hii wanacheza wawili. Mwenzako anakanyaga lile jiwe jeusi la pembeni, ndipo mlango unafunguka. Kwetu niliicheza kwa mtoto wa mwalimu. Pedi ya pili ya kuchezea iko wapi?"

Mjomba hata hakugeuka. "Anayeijua gemu kuliko mwenye gemu, akafungue yake kambini."

Watoto wakaangua kicheko, na wa kwanza nilikuwa mimi. Nikaongeza la kwangu: "Kapange foleni ya unga huko, muongo wewe!" Nestori alinitazama kidogo, akainua ndoo yake. Hakurudi tena.

Kiangazi kizima nilipanda kilima kutoka bondeni, dumu kichwani. Mlango uleule, kichwa kilekile kikitikisika. Gemu ngumu haina ubaya, humwita mtoto ajaribu tena. Ile ilinifanya niamini kwamba akili yangu ni fupi.

Mjomba alipohamia nyumba yake mpya ya matofali, nilimbebea sanduku la bati. Njiani bawaba ikakatika. Katikati ya mashuka, ndani ya nailoni, ilikuwemo pedi ya pili, mpya, waya wake haujakunjuliwa.

Niliacha sanduku palepale barabarani, nikakimbia kambini kumtafuta Nestori. Wakimbizi wote walikuwa wamekwisha kurudishwa kwao. Nilikuta miti ya mahema, vipande vya turubai na mafiga yaliyopoa. Hata sikujua figa lipi lilikuwa la bibi yake.

Na bado sikuwa nimeelewa yote. Miaka mingi baadaye, nikihangaika kutafuta maji ya kukandia udongo wa tofali za gesti hii, ndipo nilipolikumbuka lile pipa.

Nyumba ya mjomba imesimama hadi leo. Siku ya mazishi yake walimsifu kwamba aliijenga kwa jasho lake mwenyewe. Nilitupia udongo wangu kaburini, kwa heshima ya mama. Jasho lake silijui. Maji nayajua.