Macho Makavu ya Wifi Kirezi

Wifi yangu Kirezi hakulia siku tuliyomzika kaka yangu Usumani, Mungu amrehemu. Wanawake wa mtaa wetu wa Gikondo wakanong'ona kuwa ana macho makavu, na kwetu mtu wa macho makavu ni yule asiyeona haya. Mama akalishika neno hilo. Kirezi alisilimu ili aolewe na Usumani, na mama hakuwahi kuamini kwamba moyo ulisilimu pia.

Ni mshonaji. Kutwa huinamia cherehani, akiikodolea sindano kama paka aliyeona panya. Sasa yumo edani, anashonea nyumbani. Mama alinituma nikae naye, na sababu hakuificha: akiharibu eda, arudi kwao Niboye.

Basi nikamtazama. Siku moja, kabla wageni wa kutoa pole hawajaingia, nilimkuta nyuma ya pazia, ameinua uso, anajidondoshea kitu machoni. Chupa akaificha ndani ya kanga. Wageni walipoketi, machozi yakamtiririka. Nikasema moyoni astaghfirullah. Mwenye eda hapaki hata wanja. Ama anajipamba, ama anatulilia machozi ya uongo.

Aliposimama kuswali adhuhuri niliichukua ile chupa, nikaipeleka duka la dawa karibu na magereji. Mwenye duka, Mtanzania aitwaye Thomas, akaigeuza mkononi.

"Haya ni machozi, dada."

"Machozi ya kununua?"

"Ndiyo. Ya mtu mwenye macho makavu."

Nikamuuliza nani amempelekea umbeya wetu. Akacheka, kisha akanieleza. Jicho hulainishwa na unyevu wake. Ukipungua, huwasha kama limeingia mchanga, na mwanga huliumiza. Anayekodolea kazi husahau kupepesa. Upepo ukimpiga maji humtoka ovyo, lakini hayo hayalainishi. Na wapo ambao, ugonjwa ukizidi, hata wakitaka kulia chozi haliji. Apepese, apumzike, aweke kitambaa cha uvuguvugu juu ya kope, akae mbali na moshi wa mkaa. Akiona ukungu au maumivu, aende kwa daktari wa macho.

"Na moyo wake?" nikauliza.

"Dawa ya huo siuzi."

Niliporudi, mama alikuwa amefika, amesimama mlangoni. "Umeona nini?"

"Ana macho makavu, mama."

"Si nilisema."

"Ni ugonjwa. Hii ni dawa, si wanja."

Akainyakua chupa, akainusa, akadondosha tone kidoleni na kulisugua akitafuta weusi. Kidole kikabaki kimelowa tu. Akanirudishia.

"Mpelekee. Abaki. Lakini wewe usiondoke."

Nikapasha maji. Kirezi aliiona chupa mkononi mwangu, asiniulize ilikotoka.

"Mama anasemaje, wifi?"

"Anasema ubaki. Na upepese."

Akajilaza, kitambaa machoni. Nami nikaketi kando yake, kama nilivyoagizwa.