Mji Wenye Kitanda Kimoja

Serikali ilimhamisha Koplo Rufus Wanyama mara kumi na moja kwa miaka kumi na minne. Kapenguria, Voi, Isiolo, kote kapita. Mkewe Nerea alipanda mahindi wilaya sita na hakula hata hindi moja; yakianza tu kutoa ndevu, barua ya uhamisho hiyo. Kuna makoplo nchi hii walinenepa kwa jembe la Nerea, na salamu hawatumi.

Mwaka wa sitini na nane wako Lamu, ikaja barua nyingine. Hii haikuwa ya serikali. Wazee wa kanisa lao kule Bungoma walitaka kuanzisha kanisa pwani, na nguvu zao zilitosha mji mmoja. "Lamu au Hola? Tunataka mji wenye watu waliotulia, si wapita njia. Wewe uko huko, chagua. Ikiwa Lamu, vua kofia ya polisi uwe mwinjilisti wetu. Hola tunaye Fanuel tayari." Jibu lipande boti ya Ijumaa.

Rufus akasoma, akasimama, akaketi, akasimama tena. Kukaa mahali pamoja mpaka uzee! Mate yalimjaa mdomoni.

"Unazunguka nini kama kuku anayetafuta pa kutaga?" Nerea akamwambia. "Andika Lamu."

"Nihesabu watu kwanza."

"Jumapili kwenye maombi tunakuwa kumi na saba. Andika kumi na saba, ulale."

Na angeandika, nakwambia, kama si Bwana Obeid, seremala wa Mkomani, mwenye ulimi mkali kuliko randa yake. Jumatano Rufus alipita kwake akijigamba kwamba kanisa laja.

"Na waumini ni wepi?" Obeid akauliza bila kuinua kichwa.

"Kumi na saba, Bwana Obeid. Watu wa hapa hapa."

"Wa hapa!" Obeid akacheka mpaka vumbi la mbao likampalia. "Bwana Koplo, mimi nafanya vitanda nti hii tangu hujaota ndevu. Watu wa bara nimewauzia kimoya tu. Kimoya! Bi Wangu, yule Mkikuyu wa hoteli. Nyinyi wengine mwalala kwenye vile vya kukunja, mguu mmoya ndani, mmoya botini. Wewe walalia nini?"

Rufus akajifanya anakohoa.

Maneno yale yalimkwama kama mwiba wa samaki. Samadari ya Obeid, kitanda cha mbao nzito, hubebwa na wanaume wanne. Anayeinunua hana mpango wa kwenda popote. Basi Rufus akaacha kuhesabu watu, akaanza kuhesabu vitanda. Askari mzima, anachungulia vyumba vya watu!

Alianza kwa Mwalimu Phineas. "Mimi na Lamu mpaka kaburini, Koplo," Phineas akaapa, ameketi juu ya sanduku la bati lililofungwa kamba.

"Na hiyo kamba?"

"Hii? Ya kuzuia mende."

Kemunto, muuguzi, hakujisumbua kudanganya. "Nimeomba kurudi Kisii mara mbili. Wakinijibu leo, Jumapili mtafute mwingine wa kuanzisha wimbo."

Nyumba tisa, vitanda vya kukunja tisa. Na Hola alikuwa anaijua, aliwahi kulinda huko. Watu walipewa mashamba ya kumwagilia maji, wamejenga, wana mbuzi na kesi za mipaka. Mtu hagombanii mpaka mahali anapopita tu.

Alhamisi akaketi na karatasi. Akaandika Lamu, akachana. Akaandika Lamu tena, akachana.

"Karatasi zinaisha, Wanyama," Nerea akasema.

"Nitakuwa nimewadanganya wazee."

"Nani atajua?"

"Wewe utajua."

"Mimi ndiye ninayetaka kudanganywa!"

Akaandika Hola. Nerea akaisoma juu ya bega lake, akajitupia leso, akatoka.

Ijumaa asubuhi Rufus akaipeleka barua botini, akangoja mpaka boti ikaondoka, asije akaikimbilia. Aliporudi alikuta mlango wa nyumba umezibwa. Wanaume wanne na samadari! Iliagizwa na bwana harusi mmoja, harusi yenyewe imeahirishwa. Nyuma yao Obeid, na Nerea kajishika kiuno.

"Nerea, nini hii?"

"Wazee wamepata mji wao, na mimi nimechagua wangu. Bi Wangu amenipa kazi jikoni. Barua yako ya kumi na mbili ikija, kitanda kitahamia chumbani kwake, na mimi juu yake."

"Na mimi?"

"Utakuja likizo."

"Vitanda viwili sasa, Bwana Koplo!" Obeid akapiga kelele. "Waandikie tena! Lakini kwanza shika mguu huu, chatuelemea."

Rufus akaushika, akaingia kinyumenyume. Akataka kuzunguka kidogo afikirie, kama kawaida yake. Hakuwa na pa kuzungukia. Samadari ilijaza chumba chote. Ikabidi aketi.