Pasipoti ya Ukuta

Beki wetu, tuliyemwita Ukuta, alichezea klabu moja miaka kumi na miwili na kuvunjika pua mara mbili, ndipo timu ya taifa ikamwita. Alikuwa na miaka thelathini na tatu. Alijua hataitwa tena. Asubuhi ya safari akaenda kwa katibu wa klabu kuchukua pasipoti. Katibu alizifungia zote kabatini, eti wachezaji wasitoroke kwenda kujaribu bahati nje.

"Nipe, mzee, ndege ni saa nane."

"Tulia, mwanangu. Kwangu hakipotei kitu."

Kweli haikupotea. Ilitoka ndani ya bahasha mbili, safi kama mpya, ila muda wake ulikwisha miezi minne iliyopita.

"Umeitunza mpaka imeoza!" Ukuta akafoka. "Hata kuichungulia, mzee?"

"Si mali yangu, ningeichunguliaje?"

Ndege ikaondoka. Mechi akaitazama sebuleni, akimfokea mpaka mtangazaji. Siku hizi ana pasipoti mpya, na huivaa ndani ya soksi hata mazoezini. Katibu akiidai, Ukuta humjibu, "Njoo unikabe, mzee."