Ulimi wa Mwonja Kahawa

Kwenye kizuizi cha tatu askari waliinua kamba, na mgeni akauliza kama hapa ndipo Bujumbura inapoanza. Herménégilde akamjibu kwamba ilishaanza zamani, ila mvua ilikuwa imeificha milima. Hakuwa na hamu ya maneno mengi. Alitoka uwanja wa ndege kupeleka sampuli za kahawa ziendazo Geneva, na kwa kuwa jirani yake Térence alikuwa akipokea mgeni siku hiyohiyo, mtu wa kuzunguka dunia na kuandika, alimpakia humohumo kwenye pikapu ya kiwanda.

"Kumbe huko Geneva wanainunua baada ya kuionja?" mgeni aliuliza.

"Wanaonja. Ila naanza mimi."

Ndiyo kazi aliyoifanya miaka yote ya vita. Kuchota kwa kijiko, kuvuta kwa kelele, kutema kwenye ndoo. Alikuwa akiwinda ladha moja tu, ile ya kiazi kibichi, inayotoka kwenye punje iliyotobolewa na mdudu na kuharibu birika zima. Ladha hiyo ikigundulika Ulaya, mzigo unakataliwa. Mwaka huo bei ya kahawa kwenye soko la New York ilikuwa imeporomoka, na huko Kayanza watu walikuwa wakipanda maharage katikati ya mibuni. Kiwanda hakikuwa na mzigo wa kupoteza.

Kwa ajili ya hao watu wa mbali, Herménégilde hakuvuta sigara, hakula pilipili wala kitunguu, hakugusa pombe. Mkewe, Adélaïde, alipika sufuria mbili kila siku. "Mi sikuolewa na mutu," aliwaambia wenzake sokoni, "niliolewa na ulimi wa Wazungu. Na hata hausifu mboga."

Lakini hapa mtu asiyekunywa kwako ni kama anakwambia umemtilia sumu, na wakati wa vita neno hilo huwa zito zaidi. Térence alikuwa wa kabila moja, Herménégilde wa lingine. Mitaa ya jirani ilishasafishwa, nyumba kwa nyumba, ikabaki ya kabila moja moja. Mtaa huu wao wa Bwiza ulikuwa bado na watu kama wao wawili, waliogawana ukuta.

Kesho yake, Jumamosi, wakwe walikuja kumposa Bella, binti ya Térence. Mtungi wa urwarwa, pombe ya ndizi, uliwekwa katikati, na mirija ikachomekwa. Msemaji wa wakwe, mzee Zénon, alivuta, akapangusa midomo, akamsogezea Herménégilde mrija.

"Asante, muzee. Kesho asubuhi ninaonja. Malori yanaondoka Jumatatu na msafara wa wanajeshi."

"Unaonja nini?"

"Kahawa."

"Mutu wa kuonja, halafu anakataa kuonja." Watu wakacheka, Zénon hakucheka. Alimtazama Térence. "Jirani yako anajua nini kuhusu mtungi huu ambacho sisi hatukijui?"

Kicheko kikakatika. Kijana mmoja wa upande wa wakwe akaachia mrija wake taratibu. Bella alikuwa amesimama mlangoni na sinia la glasi, hakwenda mbele wala nyuma.

Térence akainama sikioni mwa jirani yake. "Mi najua ulimi wako. Apana kujilazimisha. Nitawaambia unaumwa."

Herménégilde alijua hawataamini. Akachukua mrija. Alivuta mara moja, kisha mara nyingine ndefu, mpaka harufu ya ndizi iliyofukizwa moshi ikampanda puani. Zénon akaupokea mrija na kuvuta baada yake.

"Ehe," akasema. "Sasa tuongee habari za mutoto."

Asubuhi Herménégilde alisukutua kwa maji ya moto, akalamba chumvi, akasukutua tena. Maji yalikuwa na ladha ya ndizi. Kipande cha mkate kilikuwa na ladha ya ndizi. Pikapu ikapiga honi nje.

"Utaonja?" Adélaïde aliuliza.

"Nitawaambia leo ulimi umefunga. Malori yaende bila kahawa yetu."

"Na Geneva?"

"Watanunua kwa wengine. Wale hawalali njaa."

"Na wewe je, kiwandani watakuweka?"

Alitia kijiko chake cha kuonjea mfukoni kwa mazoea. Nje, Térence na mgeni walikuwa wameketi kibarazani, mtungi wa jana kati yao, ukiwa umebaki kidogo chini.

"We, ulimi wa Wazungu," Térence alimwita. "Mtungi umekutendea nini?"

"Umenitendea ndizi."

"Rudi jioni tumalize."

"Nikirudi bila kazi, nitakuwa na wakati," alisema Herménégilde, akapanda mbele karibu na dereva. Térence hakucheka. Pikapu ikashuka kuelekea kiwandani, na mgeni, aliyekuwa amealikwa mpaka Jumatano, akamsaidia Térence kukunja mikeka ya jana.