Kwa Bibi Kuachishwa Ziwa

Askari wa kaunta aliniuliza mtoto kachukuliwa na nani. Nikamwambia baba yake. Akaweka kalamu chini.

"Sasa dada, baba anaibaje mtoto wake?"

Asubuhi ile nilikuwa nafua, nyumbani kwangu Mkuza. Baba wa mtoto, ambaye tulishaachana, alikuja kama anavyokujaga kumsalimia mwanawe, akambeba, akasema anampeleka dukani kununua juisi. Nimemaliza kuanika, hawajarudi. Nilipopiga simu akapokea akiwa njiani.

"Nampeleka Mzenga kwa mama. Wakati wa kumwachisha ziwa umefika."

Akakata, akazima.

Jambo lenyewe wote tunalijua. Mtoto akikomaa ziwani anapelekwa kwa bibi asimwone mama, akirudi amesahau. Hata mimi nilipelekwa. Lakini anayemfungia nguo zake na kumuaga ni mama. Na siku chache nyuma bwana huyu alinitamkia kwamba mtoto wake hatalelewa na muuza chipsi. Kwa hiyo hapakuwa na cha ziwa pale. Walikuwa wanamchukua moja kwa moja.

Yule wa kaunta alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionichemsha. Alinichorea kwa kidole juu ya meza: kituo kina mkuu wake, vituo viko chini ya mkuu wa polisi wa wilaya, wilaya ziko chini ya kamanda wa mkoa.

"Sisi Kibaha. Mzenga ni Kisarawe. Siwezi kuwasha gari tu nikaingia wilaya ya mwenzangu."

"Si mkoa mmoja? Kamanda si mmoja?"

"Mmoja. Unataka nimpigie kamanda kwa habari ya kunyonya?"

"Kuku angeibwa ungeandika!"

"Kuku hana baba, dada."

Wenzake wakacheka. Nikatoka kabla sijatukana nikawekwa ndani, nikapanda bodaboda, tukakatiza Kiluvya kwenda Kisarawe.

Kisarawe nilielekezwa dawati la jinsia na watoto. Ni chumba kidogo, ndani askari mwanamke, mtu mzima. Nikamwamkia, nikaanza upya: juisi, simu, kuku, yote. Akanisikiliza huku anaangalia kifua changu. Blauzi ilikuwa imelowa pande zote mbili, maziwa yamejaa mpaka yanauma.

"Ungeanza na hapo, mwanangu. Huyo mtoto bado ananyonya."

"Nimewaambia Kibaha. Wamecheka."

"Mie wangu alikaa kwa bibi yake, aliporudi ananiita shangazi." Akachukua simu. "Tukienda na gari watatuona tangu barabarani, mtoto atahamishiwa nyumba ya nne. Nenda kwa polisi kata, anakaa huko huko Mzenga. Yeye hata akipita hawashtuki."

Polisi kata nilimkuta Mzenga amesimama na pikipiki yake, kijana, amevaa kiraia. Nilimuuliza kwa hasira kama na yeye atanirudisha Kibaha.

"Zamani ungerudishwa," akasema. "Mtu wa huku akiibiwa alikuwa anapanda mpaka Kisarawe mjini, akifika mwizi kashavuka mto. Ndiyo maana tukaletwa kwenye kata. Ila tumpitie mwenyekiti wa kijiji kwanza. Nikiingia uani kwa watu bila yeye, kesho hakuna atakayeniambia kitu."

Mwenyekiti alikuwa shambani. Tukamsubiri mpaka akaja. Nilitamani kukimbia peke yangu, sikukimbia.

Bibi wa mtoto tulimkuta uani, mwanangu yuko mgongoni mwake kwa khanga.

"Shikamoo mama."

"Shikamoo ya polisi siitikii."

"Basi usiitikie. Nipe mtoto."

Mwenyekiti akaingilia. "Shemeji, mama mtu hajamuaga mtoto. Hilo hata wazee hawakulifanya."

Bibi akanitazama, akafungua khanga, akamtua. Nikanyoosha mikono. Mwanangu akaangua kilio, akageuka, akakumbatia miguu ya bibi yake.

"Mnaona wenyewe?" bibi akasema.

Polisi kata akaninong'oneza: "Dada, simbebi mtoto anayelia hivi mbele za watu. Hapa sasa ni wewe."

Majirani walishajaa kwenye ua. Nikakaa chini mchangani. Sikumwita. Nikavuta blauzi, aibu nikaiacha hapo hapo, na maziwa yakatoka yenyewe kabla hajafika. Alinyamaza kidogo kidogo. Akaja anayumba, akasimama ananiangalia kama mtu anayemdai mtu, akaniparamia na kuning'ata kwa nguvu mpaka nikatoa machozi. Wanaume wakageuza nyuso. Bibi aliingia ndani, akarudi na nguo alizokuwa amemwekea mtoto, ziko kwenye mfuko wa plastiki, akauweka karibu yangu.

"Mama," polisi kata akamwambia, "akiletwa tena bila huyu, nakuja kwako kwanza."

Kwake kwanza. Kwa bibi. Aliyedanganya habari ya juisi ni mwanawe, yuko zake mjini, na hakuna askari wa Kibaha wala Kisarawe aliyempigia simu mpaka leo.