Doa Chini ya Wingu

Nakumbuka masika moja, mwanangu, wewe mtoto wa jirani yangu, nikiwa na nguvu nyingi na akili kidogo. Wingu lilikuwa limekaa juu ya kilima chetu hapa Muleba wiki nzima, nami nikaona hiyo ndiyo nafasi yangu. Nikapanda na shoka hadi msitu wa chemchemi, nikakata kuni za kuwapelekea wavuvi wa kisiwa cha Goziba wabanikie samaki. Nani angeniona?

Mvua iliyofuata ilishusha udongo wa pale nilipokata hadi kwenye kibanja chetu, shamba la nyumbani, ukafukia migomba na kaburi la babu. Tata, baba yangu mzazi, hakunipiga. Alinipa jembe akasema, "Mtafute babu yako." Nilichimba siku tatu huku nalia. Msalaba wake sijaupata mpaka leo.

Sasa sikiliza la juzi. Afisa misitu, binti mdogo tu, alifungua kompyuta kwenye mkutano wa kijiji. Akatueleza kwamba kuna satelaiti zenye rada: zinatuma mawimbi kutoka juu kabisa, yanapenya wingu, yanagonga ardhi na kurudi na habari.

"Hata wingu hili letu?" nikamuuliza.

"Hata hili, mzee."

Akatuonyesha picha mbili za kilima, ya mwezi uliopita na ya wiki hii. Ya pili ilikuwa na doa la miti iliyokatwa, palepale nilipokata mimi ujanani! Nilivua kofia kama niko kanisani. Nimekula chumvi nyingi, lakini sikuwahi kuwaza kwamba huko juu kuna kitu kinachoijua miti yetu kiasi hicho. Mwili ulinisisimka, na bado unanisisimka nikikusimulia.

Afisa hajui ni nani aliyekata. Mimi najua, maana shoka ulilokuja kuazima kwangu hujalirudisha.

Mwanangu, sikutishi kwa rada. Rada inaona tu, udongo haiuzuii, na chini ya doa lile ipo nyumba ya mama yako. Basi nasaha yangu ni hii: usifanye ndani ya wingu jambo ambalo usingelifanya mbele ya mama yako. Mlete kwangu leo, akae mpaka mvua zikatike. Kisha twende wote kwa afisa ukaseme mwenyewe, na tukapande miche, mimi shimo langu na wewe lako.

Mungu akubariki mikono, na mvua ya leo ichelewe kidogo, umkute mama yako akiwa bado anakusubiri mlangoni.