Siku Redio ya Jirani Ilipozimika

Watu wa Nairobi hawawezi kuvumilia kuona shingo ya mtoto mchanga. Hilo nililijua wiki ya kwanza tu ya kumbeba binti yangu barabarani. Kwetu Mombasa mtoto huvishwa fulana, akapakwa poda, basi. Hapa, hasa mwezi wa Julai, anatoka nyumbani na kofia ya sufu, sweta, soksi nzito, kisha shali, na juu ya shali blanketi. Ukimwacha wazi kidogo, wanawake usiowajua watakusimamisha. "Mama, funika mtoto, baridi itamuingia." Kule katikati ya jiji, ninakouza vitambaa dukani, kuna mwanamke aliyekuwa ameshavuka barabara akageuka na kurudi upande wangu, ili anikemee vizuri.

Miezi ya mwanzo nilibishana nao. Baadaye nilichoka, nikamfunika mtoto kama walivyotaka. Na nikisema ukweli, nilipenda wakinisimamisha, maana kulikuwa na siku ambazo hao wa barabarani ndio watu pekee walionisemesha bila kuniuliza bei.

Mume wangu alikuwa Doha kwa mkataba wa kazi. Alipokuwepo tuliishi karibu na Adams Arcade, na nilikuwa na marafiki wa kunibishia hodi bila sababu. Alipoondoka nikahamia Uthiru, pembeni mwa jiji, chumba kimoja na jiko, ghorofa ya tatu. Marafiki walipiga simu sana, kisha wakapiga mara moja moja, kisha wakawa watu wa kutumiana salamu za Idi. Siwalaumu. Au nawalaumu, lakini si sana.

Jirani yangu alikuwa mama mmoja mtu mzima kutoka Murang'a, aliyefuma sweta za shule kwa mashine nyumbani kwake. Ukuta uliotutenganisha haukuzuia kitu. Binti yangu akianza kulia, yeye aliongeza sauti ya redio. Tukikutana kwenye ngazi tulisalimiana vizuri, tukaulizana habari ya maji na takataka, lakini ile redio niliiona kama mlango ninaofungiwa usoni. Na mtoto alilia sana, jamani. Nilikuwa namwomba anyamaze huku najua kwamba humo ndani hakuna mwingine wa kunijibu.

Alikuwa na miezi saba alipoanza kukohoa. Nilimnunulia dawa ya kikohozi kwenye duka la dawa hapo chini, nikaomba ruhusa kazini, nikakaa naye. Siku ya kwanza alilia, nikamzungusha chumbani mpaka miguu ikaniuma. Asubuhi iliyofuata mwili ulikuwa wa moto na bado analia. Nikamfunga zaidi, kofia, sweta, shali, blanketi, kama nilivyofundishwa. Kufikia adhuhuri akanyamaza.

Nilimpigia mama yangu Mombasa kwa video ili amwone mjukuu wake. Nikasogeza simu kwenye ule uso mdogo uliojitokeza kati ya kofia na shali.

"Mashallah, amelala," mama akasema. "Muache apumzike, mwanangu. Na wewe ule."

Nilipotoka kuanika nguo nikamkuta jirani mlangoni pake. "Leo umepata amani, Mama Baby," akaniambia. "Huyo sasa amepoa. Mtoto akilala hivyo ugonjwa inaisha."

Nikacheka naye. Nilifurahi, nisiseme uongo. Nikachemsha chai, nikainywa ikiwa bado moto, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu nijifungue. Baadaye nikampa titi. Akaligusa kwa mdomo, akaliacha. Nikajiambia ana usingizi. Kule upande wa pili redio ilikuwa ikiimba nyimbo za kanisa, na mashine ya kufuma ikienda na kurudi.

Kisha stima ikapotea. Redio ikakatika katikati ya wimbo, na jengo zima likanyamaza.

Hapo ndipo nilipomsikia. Alikuwa akiguna. Kila alipotoa pumzi alitoa mguno mdogo, na pumzi yenyewe ilikuwa ya haraka, kama ya mtu aliyepanda ngazi mbio. Sijui alikuwa ameguna hivyo kwa muda gani. Redio ilikuwa imeufunika mguno, nami nilikuwa nimekifunika kifua.

Nikavua blanketi, nikavua shali, nikapandisha sweta. Kila alipovuta pumzi, nyama iliyo chini ya mbavu ilizama ndani, ikabaki shimo, kisha ikarudi. Pua zilikuwa zikitanuka. Nikamwita kwa jina, nikamfinya unyayo. Alifumbua macho nusu, akayafumba, hakulia. Mtoto aliyekuwa akilia hata nikimfuta pua. Nikaogopa vile sijawahi kuogopa maishani.

Nilitoka naye mbio, kifua chake kikiwa wazi. Jirani alikuwa kwenye korido akitazama mita.

"Kwani stima imepotea kwako pia?" akauliza, halafu akamwona mtoto. "Ai, Mama Baby, funika mtoto!"

"Tazama kifua," nikamwambia. "Usiniambie nifunike. Tazama."

Akainama, akatazama. Hakusema tena habari ya baridi. Alishuka ngazi mbele yangu akipaza sauti kumwita mtu wa teksi aliyekuwa akiosha gari chini, akanifungulia mlango, akaweka pochi yangu kwenye kiti. Gari likaondoka, naye akabaki amesimama getini na uzi wa sweta mkononi.

Hospitalini muuguzi hakuniambia nipange foleni. Alimtazama kifua mara moja akamchukua. Wakamwekea oksijeni, wakatafuta mshipa, huku mwingine akiniuliza, "Amenyonya saa ngapi mara ya mwisho? Amepumua hivi tangu lini?" La kunyonya nililijibu. La kupumua sikuweza, maana tangu asubuhi sikuwa nimemwona kifua mtoto wangu mwenyewe.

"Ni nimonia," daktari akasema. "Kifua kikiingia ndani hivi, ama akatae kunyonya, ama alegee usiweze kumwamsha vizuri, usingoje dawa ya kikohozi, mama. Unakuja hapo hapo."

Nilikaa kwenye benchi na shali mapajani. Simu ya mume wangu haikupatikana, alikuwa zamu. Mama yangu sikumpigia, angelia, na sikuwa na nguvu ya kumbembeleza. Nilitega sikio kwenye lile pazia kwa muda mrefu sana. Halafu nikasikia kilio, kibovu, cha hasira, kinakwama na kuanza tena. Muuguzi akachungulia kunitazama.

"Huyo ni wako," akasema. "Amepata nguvu ya kugombana na sisi."

Tuliporuhusiwa kurudi Uthiru, baada ya siku chache, jirani alikuja na thamosi ya uji. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akauliza nilijuaje kuwa mtoto amezidiwa. Nikamweleza yote, pamoja na stima ilivyopotea na redio yake ikazimika. Akaninyooshea kikombe, akaanza kufunga thamosi. Nilidhani nimemuudhi, na alipoondoka nikajuta kumwambia.

Kesho yake mchana mtoto akaanza kulia, kile kilio chake cha zamani. Kule upande wa pili nyimbo zilikuwa zikiendelea. Nikajikaza kuisubiri redio iongezwe, kama kawaida.

Ikapunguzwa. Kisha ikazimwa kabisa, na mashine ya kufuma nayo ikasimama. Nilikuwa nimeshafungua vifungo vya gauni nimnyonyeshe. Nikamwacha alie kidogo zaidi, tumsikilize sote wawili.